Alama ya Vema Niliyojiwekea Mwenyewe

Nianze kwa kukiri mwenyewe, msije mkaisikia kwa watu wa Kasulu wakaitia chumvi kupita kiasi: yule mwalimu aliyemwaga mchwa kwenye meza ya wathibiti ubora wa shule ni mimi. Si binamu yangu, si mwalimu wa shule ya jirani anayefanana na mimi, ni mimi Elia, mwalimu wa taaluma, mtu wa tai na kalamu nyekundu mfukoni. Kuna mama muuza ndizi pale stendi huwa ananiita Mwalimu Mchwa, na siku hizi naitika tu, maana nikikataa ataniuliza kwa nini, na nikianza kueleza watu watajaa.

Shule yetu ni ya binafsi, iko nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Heru Juu. Tuna madarasa saba, jiko, na bweni moja la wavulana wadogo ambao wazazi wao wanakaa mbali, wengine Kibondo, wengine hata Mabamba kule mpakani nilikozaliwa mimi. Sasa muhula ule ikaja barua (zile barua zenye mhuri ambazo mkuu wa shule huzisoma akiwa amesimama) kwamba wathibiti ubora watakuja kukagua watumishi wote, mmoja mmoja. Mwalimu awe na namba yake ya usajili wa kitaaluma na cheti halisi mkononi, si kivuli. Asiye mwalimu, kuanzia mpishi hadi mlinzi, awe na kitambulisho, karatasi ya kupimwa afya, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wanaomfahamu. Asiyekamilika akae pembeni mpaka akamilike. Na chini kabisa palikuwa na mstari ambao Madam Yustina, mkuu wetu wa shule, aliusoma mara mbili: bweni lisilo na mlezi aliyekamilika litafungwa siku hiyohiyo na watoto watarudi makwao.

Madam akanikabidhi mimi kazi ya kukusanya mafaili. Jamani, mtu kama mimi ukimpa kazi ya kukagua wenzake umempa sukari. Nikatafuta karatasi ya manila, nikachora jedwali, juu nikaandika matakwa yote kwa herufi kubwa, chini majina ya watumishi, nikalibandika ukutani kwenye ofisi ya walimu. Aliyekamilika nitamwekea alama ya vema kwa wino wa bluu. Aliyepungukiwa atapata kosa jekundu, lile la kukata kisanduku kona hadi kona. Jina la kwanza lilikuwa langu, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimejisajili. Tangu tangazo la usajili litoke nilikuwa nasema mwezi huu, mwezi ujao, likizo hii, likizo ile, kwa sababu cheti changu halisi kilikuwa kwa mama yangu Mabamba, kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, na bila cheti huwezi kujaza lolote. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wakati ule tumbo langu lilikuwa bado zima. Nikasimama mbele ya lile jedwali, nikaangalia mlango, nikasema moyoni kwamba cheti ninacho, kusoma nimesoma, kilichobaki ni safari tu, na wenzangu wanahitaji mfano. Nikajiwekea alama ya vema. Nikaivuta mkia wake vizuri kabisa, kama ninavyomwekea mtoto aliyepata zote.

Basi ile alama ikaanza kunitawala. Walimu wenzangu walipokwenda pamoja steshenari kujaza fomu za usajili, mimi sikuweza kukaa foleni nao, kwa hiyo nikaenda kama msimamizi (nilisimama nyuma yao nimeweka mikono mgongoni, nikawarekebisha mpaka namna ya kukaa kwenye picha, na wote walipigwa wamevaa koti lile moja la studio, kwa hiyo kwenye mafaili yetu utadhani lililosajiliwa ni koti). Mmoja wao akasema kwa nia njema kabisa, "Mwalimu Elia, hebu tuoneshe namba yako, tujue inafananaje." Nikamjibu kwamba iko kwenye faili. Faili lenyewe lilikuwa na picha yangu na bahasha tupu.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa hilo. Kubwa lilikuwa kwa Mama Nestori.

Mama Nestori ndiye mlezi wa bweni letu. Wazazi wake walikuwa Warundi, alivuka mpaka akiwa msichana mdogo, akakulia huku, akaolewa huku, akapata uraia siku nyingi. Ni mama mfupi, mpole, hatembei bila ufunguo wa bweni shingoni. Mimi nilipofika kwenye jina lake sikumuuliza kitu. Niliwaza tu, mama huyu ametoka ukimbizini, atakuwa na karatasi gani? Nikamkata kosa jekundu. Na siku mbili baadaye alipokuja mlangoni kwangu akapiga makofi madogo, pa pa pa, kama tunavyosalimia sisi Waha na wao ndugu zetu, "Mwakeye, mwalimu," akasema, "ninayo makaratasi, nilikuwa nataka uyaone," mimi wala sikuinua kichwa.

"Mama, haya ni mambo ya kitaaluma," nikamwambia. "Si karatasi yoyote tu."

"Ego, mwalimu," akasema, akaondoka.

Ego kwetu ni ndiyo. Mpaka leo nikiisikia hiyo ego yake naona aibu masikioni.

Nikaenda kwa Madam, nikamwambia Mama Nestori hana vielelezo. Madam akasikitika sana, maana wale watoto wanampenda, akasema basi itabidi aondoke mwisho wa muhula, na je, siku ya ukaguzi tutafanyaje? Nikamwambia asihofu, mimi mwenyewe nitaandikwa kuwa nakaimu ulezi wa bweni, si nimeshakamilika? Akaliangalia jedwali, akaiona ile alama ya vema, akanishukuru. Nikamwelekeza na Mama Nestori kwamba siku ya ugeni abaki nyuma ya jiko akifua mashuka, asionekane ukumbini. Kwa hiyo sasa bweni zima, watoto wote na vitanda vyao, vilikuwa vinaning'inia kwenye alama niliyoichora mwenyewe.

Ukaguzi ulikuwa Jumatatu. Jumamosi nikapanda basi mpaka Kibondo, nikachukua bodaboda mpaka Mabamba, nikafika kwa mama vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nichukue cheti, Jumapili nirudi Kasulu nijaze fomu, Jumatatu niseme namba iko njiani.

Cheti kilikuwa palepale ukutani, juu ya kiti cha wageni, kati ya kalenda na picha ya marehemu baba. Kioo kilikuwa kimeshika moshi wa miaka, lakini jina langu lilisomeka, na mhuri ulionekana. Nikakitungua, nikataka kukibandua fremu. Mama akanishika mkono.

"Usikifungue, mwana wanje, mwanangu. Fundi alipigilia misumari kumi na miwili, mimi mwenyewe nilihesabu. Wapelekee wakubwa wako wakione kilivyo, wajue kwamba kwetu kiliheshimiwa."

Mimi ni mtoto wa mwisho, mama ana presha, na basi halingoji. Nikakubali. Akakifunga kwa kanga yake ya Krismasi, akanisindikiza mpaka barabarani, na njiani akawaambia watu watatu kwamba mwanaye ameitwa na serikali. Njiani kurudi nilikipakata kama mtoto mchanga. Niliona unga mwekunduwekundu kidogo kwenye suruali, nikaupangusa, nikadhani ni vumbi la Mabamba. Jumapili Kasulu hakukuwa na umeme kutwa nzima, steshenari zote zimefungwa, kwa hiyo sikujaza kitu. Nikajipa moyo kwamba cheti chenyewe si ninacho, kimepigiliwa misumari kumi na miwili.

Jumatatu asubuhi wakafika. Walikuwa wawili, kijana wa kompyuta na kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, mtulivu, wa kusema polepole. Waliketi ukumbini mbele, meza imetandikwa kitambaa cheupe, sisi watumishi wote tumekaa kwenye madawati. Jedwali langu nilikuwa nimelihamishia ukutani nyuma yao, ili walione (nililining'iniza mwenyewe, sikulazimishwa na mtu).

Wenzangu wakapita mmoja mmoja. Mpishi vema. Mlinzi vema, mzee yule alikuwa na barua ya mtaa aliyoipiga pasi. Walimu wote namba zao zikaonekana kwenye kompyuta. Halafu yule mama akasema, "Tumalizie na mwalimu wa taaluma, ambaye naona pia anakaimu ulezi wa bweni. Cheti halisi, mwalimu?"

Nikasimama na kanga yangu. Nikaifungua taratibu, nikaiweka fremu juu ya kitambaa cheupe, na kwa ujinga wangu nikaongeza kahotuba: "Mama mzazi aliomba mkione kilivyohifadhiwa." Watu wakapiga makofi kidogo. Yule mama akatabasamu, akakigeuza.

"Inabidi kitoke, mwalimu. Tunakagua na nyuma."

Wakaleta koleo kutoka kwa fundi wa madawati. Msumari wa kwanza ukatoka kwa kidole tu. Wa pili ukatoka na ubao. Nilipovuta wa tatu, nyuma yote ya fremu ikakatika kama biskuti iliyolowa, na haki ya Mungu nawaambia, mchwa wakamwagika. Walimwagika na udongo wao na vijumba vyao, wakatawanyika juu ya kitambaa, wakaingia kwenye mafaili, wengine wakapanda mkono wa yule kijana, naye akaruka na kompyuta yake huku akiita jina la mama yake. Nikajaribu kukiokoa cheti. Kilikuwa kimebaki ngozi ya mbele tu, nyembamba, imeshikwa na kioo, na nilipoigusa ikawa unga. Jina langu lilikwenda hivyo, nikiliangalia. Mhuri ukafuata.

Mpishi akaanza kucheka ndani ya kanga yake, na cheko la mpishi wetu linaambukiza.

"Basi, hali hii inaeleweka," yule mama akasema, bado mtulivu, anapangusa mchwa kwenye miwani. "Ajali hutokea. Nipe tu namba yako ya usajili."

Ndugu zangu, ningekuwa na hiyo namba, mkasa ungeishia hapo, tungecheka, tungekunywa chai. Nikaangalia jedwali langu nyuma yao, alama ya vema inang'aa pale juu kabisa.

"Sina," nikasema.

"Hukusajiliwa?"

"Bado."

"Na hii alama aliiweka nani?"

Madawati mazima yalinigeukia, na hilo likawa jibu. Nyani haoni kundule, sawa, ila mimi langu nililibandika ukutani. Yule mama akavua miwani. "Basi bweni halina mlezi," akamwambia Madam Yustina, wala hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoumiza. Madam akashika kichwa. Dirishani niliwaona wale wavulana wadogo wa bweni wakicheza gololi kwenye vumbi, hawajui kwamba jioni ile walitakiwa kufunga mabegi. Mmoja wao babu yake yuko Mabamba, na hana mtu mwingine.

Ndipo mlinzi, yule mzee wa barua ya pasi, akanyoosha mkono. "Samahani. Mbona Mama Nestori hajaitwa?"

Akaitwa. Akaja na mikono ina povu, akaona mchwa, akaniona mimi. Kiongozi akamwambia kwamba wanataka vielelezo vyake. "Ego," akasema, "nipeni dakika," na akarudi amebeba kichwani sufuria kubwa lenye mfuniko, limefungwa kwa kitenge. Nilidhani amechanganyikiwa, ametuletea ugali.

Akaliweka chini, akafungua. Ndani kulikuwa na majivu ya kuni, yamechekechwa laini, na juu ya majivu mifuko ya nailoni, ile iliyopigwa marufuku siku nyingi, imekunjwa mmoja ndani ya mwingine. Akaanza kutoa. Cheti cha uraia, hakina hata kunjo. Kitambulisho. Karatasi ya kupimwa afya ya mwezi uleule. Barua ya mtaa. Wadhamini wawili, mchungaji wake na mwenyekiti wa kitongoji. Cheti cha mafunzo ya malezi ya watoto alichopata alipofanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambacho hata Madam hakuwahi kukijua. Halafu daftari, na ndani yake jina la kila mtoto wa bweni: nani anakohoa usiku, nani akila maharage ya jana anavimba, nani anakojoa kitandani asisemwe mbele ya wenzake. Na chini kabisa, kikaratasi kidogo cha manjano kilichofifia, walichopewa yeye na mama yake siku walipovuka. Alikitoa kwa vidole viwili, akakiweka mwisho wa mstari.

Yule mpishi aliacha kucheka. Yule mama wa miwani alisimama, akazunguka meza, akavisoma vyote akiwa ameinama, bila kuvigusa. Mimi nilisimama na unga wa jina langu viganjani. Nilikuwa nimefundisha miaka, nimesahihisha maelfu ya madaftari, na sikuwahi kuona kazi iliyokamilika namna ile.

"Umejuaje vinavyotakiwa?" kiongozi akamuuliza.

"Mwalimu aliandika pale juu," akasema, akaonesha jedwali langu. "Nilinakili."

"Lakini jina lako lina kosa jekundu."

Hapo Mama Nestori akaniangalia. Jamani, angeweza kunimaliza. Neno moja tu lingetosha, na lingekuwa la kweli.

"Mwalimu alikuwa hajaona bado," akasema. "Alikuwa na kazi nyingi."

Yule mama akachukua kalamu yangu ya bluu mezani, akaenda ukutani mwenyewe, akaweka vema juu ya lile kosa. Bweni likabaki wazi. Mimi nikaambiwa niwe nje ya darasa mpaka nikamilike, na hiyo ilikuwa haki yangu.

Wageni walipoondoka watu wote walitoka, nikabaki na fagio. Mama Nestori akarudi, akachuchumaa, akaanza kuokota vipande vya cheti changu kwenye udongo wa mchwa. Kona moja ilikuwa imepona, ina namba ya cheti. "Hii usitupe," akaniambia. "Kwa namba watakutafutia." Akaifunga kwenye nailoni.

Nikamwambia mama yangu alikuwa anakiheshimu, ndiyo maana alikitundika.

"Karatasi haitundikwi, mwalimu. Karatasi inafichwa." Aliendelea kuokota. "Baba yetu alitundika ya kwake. Aliiweka ndani ya fremu, pamoja na picha ya harusi. Siku tunakimbia ikabaki ukutani. Tukafika kwenye kizuizi cha njiani, kulekule kwetu, askari wakamwambia rudi kaichukue. Akarudi. Sisi tukavuka na mama." Akapuliza mchwa kwenye kipande. "Alisema tumngoje Mabamba, ng'ambo ya mto."

Sikumuuliza kama alifika. Nilichukua lile sufuria nikambebea mpaka bwenini, yeye akitangulia na ufunguo.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Kituoni kutoa taarifa, afande ananiuliza nilikipotezea wapi, namwambia hakikupotea, kililiwa, ananiuliza na nani, namwambia na mchwa, anaweka kalamu chini. Ile kona yenye namba ndiyo iliyoniokoa, kila ofisi niliyofika. Na kwa miezi ile Madam hakunifukuza, alinipeleka bwenini kusaidia kazi, lakini hata msaidizi wa bweni anatakiwa awe amepimwa afya na awe na wadhamini wawili wenye vielelezo vyao. Wa kwanza alikuwa mchungaji. Wa pili nilikwenda kumwomba mwenyewe, nikapiga mikono pa pa pa mlangoni kwake, nikasubiri mpaka aliponikaribisha. Mama Nestori akaandika barua kwa mwandiko wa polepole: namfahamu mwalimu huyu, ni mtu mwema, anajifunza.

Namba yangu ilipotoka, mama alitaka nimpelekee cheti kipya akitundike. Nilimpelekea kivuli. Chenyewe kiko ndani ya sufuria lenye mfuniko, juu ya majivu, na mke wangu amechoka kuniuliza lile sufuria litapika lini.

Muhula uliofuata nikachora jedwali jipya. Niliweka alama kwa wenzangu baada ya kuona kila karatasi kwa macho yangu, na kwenye jina langu sikugusa, wala sitagusa tena maisha yangu yote. Nikamwita Mama Nestori, nikampa kalamu ya bluu, nikamwonesha kisanduku changu. Akaipokea. Akaliangalia jina, akaniangalia mimi, kalamu iko hewani.

"Ego, mwalimu," akasema. "Lete kwanza nione."